Kizuri chajiuza: Jinsi ya kutambua mkahawa mzuri mtaani

Katika mitaa ya Nairobi, neno hoteli mara nyingi halimaanishi jumba la kulaza wageni. Mkazi wa Buruburu, Kangemi au Githurai akisema anaenda hotelini, aghalabu huwa anazungumzia chumba chenye meza chache, mabenchi, sufuria zinazofuka mvuke na mhudumu anayetaja vyakula vyote kwa pumzi moja: ugali, chapati, maharagwe, ndengu, matumbo, nyama, sukumawiki. Hapo ndipo wengi hula chakula cha mchana siku za kazi. Na ni hapo, au katika bucha iliyo jirani, familia nyingi hujiburudisha Jumapili baada ya ibada.

Hata hivyo, kula nje ni sawa na kumkabidhi mtu mwingine afya yako. Mwaka 2017 Nairobi ilikumbwa na kipindupindu, na ugonjwa huo haukuwapata wakazi wa mitaa ya mabanda pekee. Miongoni mwa walioathirika walikuwemo watu waliohudhuria mikutano katika majumba ya hadhi, na serikali ikaagiza wanaoandaa na kuuza vyakula wapimwe upya. Tukio hilo lilithibitisha kwamba zulia sakafuni na kitambaa cheupe mezani si ushahidi wa usafi wa jikoni.

Swali basi ni hili: mteja wa kawaida, asiye na maabara wala mamlaka ya kukagua jikoni, atautambuaje mkahawa mzuri mtaani mwake? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yafaa kuwa mwanzo wa jibu, kwa sababu chakula kinachojiuza haraka hakipati nafasi ya kuharibika.

KUTOKA JIJINI HADI MITAANI

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli. Kwa miongo mingi hoteli zenye sifa zilikuwa katikati ya jiji, ilhali mitaa ilihesabiwa kuwa mahali pa kulala tu. Katika makazi ya Waafrika kama vile Pumwani, na baadaye Shauri Moyo na Kaloleni, vibarua waliishi kwa kutegemea akina mama waliouza chai, maandazi na vyakula vilivyopikwa nyumbani. Huo ndio mzizi wa kibanda cha leo.

Jiji lilipopanuka, mikahawa mikubwa nayo ilihama. Carnivore ilifunguliwa mwaka 1980 karibu na Lang'ata. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, nayo Village Market ikafunguliwa Gigiri mwaka 1995. Mnamo 1999 mkahawa wa kwanza wa Java House ulianza biashara Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong. Baada ya Barabara Kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012, maduka makubwa yenye kumbi za kulia chakula yalijengwa kandokando yake, na mwaka 2017 Two Rivers ikafunguliwa upande wa Ruaka.

Msongamano wa magari pia ulichangia. Mtu aliyekaa saa mbili ndani ya matatu akirudi nyumbani Ijumaa jioni hana hamu ya kurudi jijini kutafuta chakula. Hutafuta pa kula umbali wa kutembea kwa miguu.

AINA ZA MAHALI PA KULA

Kuna aina nne kuu, na kila moja hupimwa kwa mizani yake.

Kwanza ni kibanda, ambacho vijana hukiita kibandaski. Hujengwa kwa mabati na miti kando ya barabara, karibu na majengo yanayoendelea kujengwa au kwenye vituo vya matatu. Ubora wake mkubwa ni kwamba jiko liko mbele ya macho ya mteja. Anayepika, maji anayotumia, na namna anavyoosha sahani, vyote huonekana.

Pili ni hoteli ya mtaa, iliyo ndani ya jengo la kukodi. Tatu ni bucha ya nyama choma, ambako mteja hununua nyama mbichi kisha huchomewa papo hapo. Nne ni mkahawa wa duka kuu, wenye menyu ndefu na wahudumu wenye sare. Huko kuna majokofu na vifaa ambavyo kibanda hakiwezi kuvimudu, lakini jiko liko nyuma ya ukuta na mteja hulazimika kuamini asichokiona.

CHAKULA KINACHOISHA

Ishara ya kwanza ya kutazama ni kasi ya chakula kuondoka jikoni. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za usalama wa chakula. Miongoni mwa yanayoshauriwa humo ni kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe bila kupashwa wala kupozwa kwa zaidi ya saa mbili, kidumishwe kikiwa na nyuzijoto zaidi ya 60 hadi kitakapoliwa, na kinapopashwa upya kifikie angalau nyuzijoto 70. Kati ya nyuzijoto 5 na 60, vijidudu huongezeka kwa kasi.

Mteja hatembei na kipimajoto, lakini anaweza kuangalia saa. Hoteli inayoipua maharagwe saa tano asubuhi na kuyamaliza kabla ya saa nane mchana haina makombo ya kumuuzia mtu kesho yake. Kwa hivyo, mteja anayefika saa tisa na kuambiwa ndengu zimeisha asikasirike. Jibu hilo ni ushahidi mzuri kuliko tangazo lolote. Wa kutiliwa shaka ni mkahawa ambao saa nne za usiku bado una kila kitu kilichoandikwa ukutani, ilhali hauna wateja.

Menyu fupi nayo ni dalili njema. Mpishi mmoja na msaidizi wake wanaweza kupika vyakula sita vizuri. Mkahawa mdogo ukidai kuwa na vyakula arobaini, ama vingi havipo, ama vimehifadhiwa kwenye jokofu kwa siku nyingi vikingoja mtu wa kuviagiza. Katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, jokofu lisilo na jenereta si la kutegemewa.

Wali huhitaji tahadhari ya pekee. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazohimili joto la kupikia. Wali ukikaa sufuriani hadi ukapoa, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo haiondolewi kwa kuupasha moto tena. Ndiyo maana wali wa jana uliokaangwa upya asubuhi unaweza kumuumiza mtu hata kama umeletwa mezani ukifuka mvuke.

Ishara ya pili ni watu wanaokula hapo. Madereva na utingo wa matatu, wahudumu wa bodaboda na waashi hula nje takribani kila siku. Kwao chakula kibovu ni hasara ya siku nzima ya kazi, na hoteli inayowaumiza tumbo huwapoteza mara moja. Iwapo hao hao huonekana katika meza zile zile wiki baada ya wiki, mgeni ana sababu ya kuamini. Kinyume chake, mkahawa unaotegemea wapita njia ambao hawatarudi tena unaweza kudumu miaka bila kuwa na sifa yoyote.

Hata hivyo, msururu pekee hautoshi. Huenda watu wamejaa kwa sababu bei ni ya chini tu. Ndipo yanapokuja mambo ya kukaguliwa kwa macho.

MAJI NA MAFUTA

Mwanzoni mwa 2017, baada ya kina cha maji katika bwawa la Ndakaini kupungua, Nairobi iliwekewa mgao wa maji. Tangu hapo wakazi wa mitaa mingi wamezoea kununua maji ya mitungi, na hoteli nazo hufanya vivyo hivyo. Hivyo basi, jambo la kwanza kuangaliwa katika hoteli ya mtaa ni mahali pa kunawia mikono. Je, kuna mtungi wenye mfereji na maji yanayotiririka, au beseni moja linalotumiwa na wote? Je, kuna sabuni? Mwenye hoteli asiyewawekea wateja sabuni mbele ya macho yao yaelekea hana sabuni jikoni pia.

La pili ni namna vyombo vinavyooshwa. Sahani zinazochovywa katika karai la maji yaliyogeuka rangi, kisha kufutwa kwa kitambaa kile kile kinachofuta meza, hubeba ugonjwa kutoka kwa mteja mmoja hadi kwa mwingine. Vibanda vyenye nidhamu huwa na makarai mawili au matatu: la kuoshea, la kusuuzia, na mahali pa kuvikaushia vyombo.

La tatu ni mikono. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika chapati, labda kama anatumia kishikio. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, na hasa baada ya malipo ya madukani kwa njia hiyo kuenea, tatizo hili limepungua kwa kiasi kwa kuwa noti na sarafu hazipitii mikononi mwa mpishi kama zamani.

Kwa wauzaji wa chipsi, bajia na samaki wa kukaanga, mafuta ndiyo kipimo. Mafuta yaliyotumiwa mara nyingi mno huwa meusi, mazito, hutoa povu na moshi kabla ya kupata moto sawasawa, na huacha ladha chungu ulimini. Mnamo 2014 ziliripotiwa habari za wezi waliofyonza mafuta kutoka kwa transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaangaji kando ya barabara, kwa sababu hudumu kwa muda mrefu kikaangoni. Mafuta ya aina hiyo ni sumu. Mteja asione haya kuchungulia kikaango kabla ya kulipa.

NYAMA CHOMA HUANZIA BUCHANI

Hakuna mlo wa nje unaopendwa nchini Kenya kuliko nyama choma, na hakuna unaohitaji ujuzi zaidi kwa upande wa mnunuzi. Nyama choma huagizwa kwa kilo. Mteja husimama mbele ya dirisha la bucha, huchagua mbavu au mguu wa mbuzi, hupimiwa, kisha nyama hupelekwa kwa mchomaji. Baada ya muda unaokaribia saa moja, huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa vipande vidogo, na kuliwa kwa chumvi, ugali na kachumbari.

Katika safari hiyo kuna vituo vitatu vya kuwa macho. Cha kwanza ni kwenye ndoano. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, nyama ya kuuziwa umma hukaguliwa na kupigwa muhuri machinjioni. Alama hiyo ya wino huonekana juu ya mzoga. Mwenye bucha halali haoni vibaya kuulizwa ilipo, wala kuulizwa nyama imetoka wapi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe ya Nairobi imetoka katika machinjio ya Dagoretti, na ya mbuzi katika machinjio ya Kiamaiko.

Cha pili ni kwenye mizani. Mshale au tarakimu zianzie sifuri kabla ya nyama kuwekwa. Mteja akumbuke pia kwamba anapimiwa nyama mbichi pamoja na mifupa, na kwamba moto huondoa maji na mafuta. Kilo moja iliyopimwa si kilo moja itakayofika mezani. Wanaume wawili wenye njaa wakiagiza nusu kilo, wataishia kulaumu mchomaji bure.

Cha tatu ni kwenye jiko. Nyama nzuri huchomwa polepole juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, ikigeuzwa mara kwa mara. Ikiharakishwa, huungua nje na kubaki mbichi ndani. Wateja wazoefu huketi mahali wanapoliona jiko, si kwa kumshuku mchomaji, bali ili nyama yao isichanganywe na ya meza nyingine.

Hatari kubwa mezani, hata hivyo, huenda isiwe nyama. Kachumbari ni nyanya, vitunguu, dania na pilipili visivyopikwa. Vikioshwa kwa maji machafu au kukatiwa juu ya ubao uliokatiwa nyama mbichi, hakuna moto wa kuua vijidudu vilivyomo. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, kachumbari na juisi za kuchanganywa na maji ni vitu vya kwanza kuepukwa. Nyakati nyingine, inatosha kuhakikisha kwamba kachumbari imekatwa baada ya kuagizwa, na si kutolewa kwenye ndoo iliyoandaliwa asubuhi.

Julai 2019, runinga moja nchini ilifichua kwamba kemikali ya kuhifadhia ilitumiwa kupita kiasi katika nyama iliyouzwa kwenye baadhi ya maduka makubwa. Funzo la habari hizo lilikuwa kwamba wekundu unaong'aa si lazima uwe dalili ya nyama ya leo. Bucha ya mtaa inayochukua mzoga mmoja asubuhi na kuumaliza jioni haina haja ya dawa ya kuihifadhi nyama. Hapa pia, kinachojiuza ndicho kilicho salama zaidi.

MITAA NA VYAKULA VYAKE

Kila mtaa una chakula kilichokita mizizi kutokana na historia ya wakazi wake. Anayejua historia hiyo hujua pia aagize nini na siku gani.

Kenyatta Market, karibu na mitaa ya Golf Course na Ngumo, ni maarufu kwa mambo mawili yanayokaa ukuta kwa ukuta: nyama choma na ususi. Mwanamke anayesukwa kwa saa kadhaa huweza kuagiza nyama na kuletewa kwenye kiti chake. Vibanda vya nyama humo vimebanana, na ushindani huo humnufaisha mteja. Jumamosi na Jumapili alasiri ndizo nyakati za msongamano, na pia nyakati ambazo nyama haikai.

Eastleigh ulianzishwa mwaka 1921, na kwa muda mrefu ulikaliwa na Waasia wengi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara wa Kisomali waliugeuza kuwa kitovu cha biashara cha eneo zima. Hoteli zake huuza wali wenye viungo na zabibu kavu, nyama ya mbuzi na ya ngamia, anjera asubuhi, na tambi, ambazo Wasomali walizizoea tangu enzi za utawala wa Waitaliano kusini mwa nchi yao. Mgeni hushangaa kuletewa ndizi mbivu pamoja na wali. Ndizi hiyo si ya kuliwa mwishoni, bali huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Sahani moja aghalabu hutosha watu wawili. Pombe haiuzwi katika hoteli hizo, na wakati wa Ramadhani nyingi hufungwa mchana na kuchangamka baada ya magharibi.

Parklands na Ngara ni mitaa yenye vyakula vya Kihindi. Ukumbi wa kulia wa Diamond Plaza umejulikana kwa wahudumu wanaomkimbilia mteja kabla hajaketi, kila mmoja akimnyoshea menyu ya kibanda chake. Hapo methali ya kizuri chajiuza haifui dafu, kwa maana wote hujitembeza, wazuri na wabaya. Mgeni atulie, atazame meza za familia zilizokwisha kuletewa chakula, kisha aulize kimetoka kwa nani. Mishkaki, kuku wa tikka, naan, bajia za viazi na chipsi zilizotiwa viungo ndivyo vinavyotafutwa zaidi. Kwa wasiokula nyama, mtaa huu una vyakula vingi vya mboga na dengu, kwa kuwa Wahindu wengi na Wajaini hawali nyama.

Hurlingham na Kilimani zina mikahawa ya Kihabeshi. Chakula huletwa juu ya injera, mkate mpana na mwororo wenye uchachu, na wenzi hula kutoka sinia moja. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga siku za Jumatano na Ijumaa kwa kuepuka nyama na maziwa, kwa hivyo siku hizo mikahawa mingi huwa na sinia ya dengu, shiro na mboga.

Vyakula vya pwani, yaani pilau, biriani, mahamri na mbaazi, hupatikana Pumwani, ambako Waislamu na Waswahili waliweka makazi tangu mtaa huo ulipoanza, na vilevile South C. Katika hoteli nyingi za aina hii, Ijumaa baada ya swala ndiyo siku ya biriani. Anayetaka biriani iliyopikwa siku hiyo hiyo aende siku ambayo wenyewe huila.

VYETI UKUTANI

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula ni jukumu la kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ndizo msingi wa ukaguzi. Hoteli inatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya kaunti na leseni ya usafi wa chakula, na kila anayeshughulika na chakula anatakiwa kuwa na cheti cha afya ambacho hufanywa upya kila miezi sita.

Mteja anaposoma karatasi hizo ukutani, atazame mambo mawili: tarehe na jina. Leseni ya mwaka uliopita, au yenye jina la biashara nyingine, haina maana. Pamoja na hayo, asiishie hapo. Agizo la 2017 la kuwapima upya wahudumu lenyewe lilikuwa kukiri kwamba vyeti vilivyokuwepo havikuaminika. Cheti huonyesha kwamba mwenye hoteli alifika ofisini, ilhali karai la kuoshea vyombo huonyesha anachofanya kila siku.

BEI, BILI NA RISITI

Katika kibanda, bei hutajwa kabla ya kula na malipo hayana mafumbo. Katika mikahawa mikubwa, bili hubeba ushuru wa thamani wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Kwingi tozo hizo huwa tayari zimo ndani ya bei, na menyu huandika hivyo chini kwa herufi ndogo. Pasipoandikwa, mteja aulize kabla ya kuagiza, hasa anapokuwa na familia kubwa. Pengine huongezwa pia malipo ya huduma, na hapo bahashishi huwa si lazima.

Anayelipa kwa simu ahakikishe jina linalotokea ni la biashara hiyo kabla ya kuweka nambari ya siri, na ahifadhi ujumbe wa malipo. Risiti ni silaha ya mlaji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, ulinzi wa afya yake na fidia anapoumia. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inafafanua haki hizo. Lakini bila risiti, aliyeugua baada ya kula hana namna rahisi ya kuonyesha alikula wapi na lini. Malalamiko kuhusu usafi hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo husika.

NYOTA ZA INTANETI

Wengi siku hizi hutafuta mikahawa kwa simu, na kusoma nyota na maoni ya waliotangulia. Njia hiyo husaidia iwapo msomaji atachuja. Maoni ya miaka mitatu iliyopita humsifu mpishi ambaye huenda amekwisha kuhama. Picha zilizopigwa na wateja huaminika kuliko za mwenye mkahawa. Maoni mabaya yasomwe kwanza: anayelalamika kwamba alingoja sana Jumapili anaeleza jambo tofauti na anayesema watatu waliokula pamoja waliugua. Isitoshe, vibanda vingi vizuri havimo kabisa kwenye intaneti. Kwa hivyo mwongozo bora ungali ule wa zamani: bawabu, mwenye duka na fundi viatu, ambao hula mtaani humo kila siku.

KUJARIBU KWA HATUA

Familia inayohamia mtaa mpya haina haja ya kubahatisha. Mtu mmoja aende kwanza asubuhi kunywa chai na mandazi. Kikombe kitamweleza kuhusu uoshaji wa vyombo, na chai itamweleza kuhusu maziwa. Akiridhika, arudi saa saba mchana siku ya kazi, wakati hoteli imelemewa, kwa maana usafi wa kweli huonekana watu wanapokuwa wengi. Hatua ya tatu ndiyo ya kuwaleta watoto, ambao miili yao haihimili kuhara kama ya watu wazima.

Mteja naye ana wajibu wake. Mama mwenye kibanda anayenunua sabuni, anayechemsha maji na kumwaga makombo hugharimika, naye hushindana na jirani asiyefanya lolote kati ya hayo na anayeweza kuuza kwa bei nafuu zaidi. Wateja wakikimbilia bei pekee, yule mwangalifu ndiye atakayefunga biashara kwanza. Wakiwa tayari kuongeza shilingi chache, na kusema waziwazi kwa nini wamerudi, mtaa mzima hupata mahali pa kula.

Na mtu akifika saa nane na nusu mchana akute sufuria zimeoshwa na kupinduliwa zikauke, kisha aambiwe chakula kimekwisha arudi kesho mapema, basi na arudi kesho mapema.